Kukodi ukumbi wa zama za kati Uingereza kwa shughuli au semina: tuchukue mfano wa Merchant Adventurers' Hall, York

Watu wetu huku Uingereza wakitaka kufanya shughuli, iwe harusi, uzinduzi wa kitu au semina ya siku moja, wanakimbilia kumbi zilezile, ukumbi wa jumuiya, ukumbi wa shule au hoteli ya pembeni mwa barabara kuu, wakati hapohapo mjini kwao kuna ukumbi wa miaka mia sita na ushee na unakodishwa. Wengi wanadhani ni makumbusho tu au ni mali ya watu wenye vyeo vyao. Hapana, ukilipa na ukakubali masharti unapewa kama mtu mwingine yeyote. Nimeshasaidia shughuli za ndugu na marafiki kwenye kumbi za aina hii na nazipenda kweli, ndo maana nataka mtu aingie humo akijua anachofanya, sababu ukiuchukulia kama ukumbi wa kawaida utaumia wewe, utaumia mfuko wako, na kibaya zaidi utaumia ukumbi wenyewe ambao hauna spea.

Kitu kimoja kishike toka mwanzo: kwenye ukumbi wa kale shughuli ndo inaufuata ukumbi. Huwezi kuja na mpango wako umekamilika kila kitu halafu utegemee jengo likupishe. Unaliangalia jengo kwanza, unajua linakubali nini na linakataa nini, ndo unapanga.

Sasa ukumbi wenyewe. Merchant Adventurers' Hall ya York ilianza kujengwa mwaka 1357 na kufikia 1361 sehemu kubwa ilikuwa imekamilika. Chama kilichoujenga kilianza kama chama cha kidini cha kusaidiana, baadae kikawa cha wafanyabiashara wa vitambaa na bidhaa za ng'ambo, mfalme Henry VI akawapa hati yao mwaka 1430, na malkia Elizabeth I akawapa hilo jina la Merchant Adventurers mwaka 1581. Chama bado kipo na ndicho kinachomiliki ukumbi mpaka leo. Juu kuna Great Hall, chumba kikubwa cha mbao walichokuwa wanafanyia biashara na karamu. Chini yake kuna Undercroft, ambayo ilikuwa hospitali kwa maana ya zamani ya neno, yani nyumba ya kutunzia wazee na maskini, na iliendelea hivyo mpaka mwaka 1900. Halafu kuna kanisa dogo huko chini limeungana na hiyo Undercroft. Biashara, sadaka na ibada vyote kwenye jengo moja, na vyumba vyote vitatu bado vimesimama, jambo ambalo ni nadra sana hata kwa Uingereza.

Kama York ni mbali na wewe, usikate tamaa. Leicester, ambako kuna Waasia wengi waliotoka Uganda 1972 na wengine Kenya na Kiswahili wanakiongea vizuri tu, kuna Guildhall, yani ukumbi wa chama cha zamani, iliyojengwa karibu na mwaka 1390, ikawa ukumbi wa mji mpaka 1876, na toka 1926 ni makumbusho. Coventry kuna St Mary's Guildhall ya miaka ya 1340, ina zulia la ukutani la karibu mwaka 1500 ambalo bado limening'inia kwenye ukuta uleule lililotengenezewa, na jengo hilo lilinusurika mabomu ya Novemba 1940 wakati kathedro ya jirani yake iliungua. Masharti yanatofautiana lakini hatua ni hizihizi.

Hatua ya 1: Jua idadi ya watu na aina ya shughuli kabla hujampigia mtu simu

Hapa sitakaa sana. Andika kwenye karatasi: wageni wangapi wanakaa mezani, wangapi wanasimama, kuna watoto au hakuna, chakula au vitafunio tu, muziki au hotuba tu. Wenye ukumbi watakuuliza hivyo vitu vyote. Na idadi iwe ya kweli, sio ile ya kwetu ya kualika mia na ishirini ukijua watakuja mia mbili. Ukumbi wa kale una idadi ya mwisho iliyopangwa kwa ajili ya moto, milango ya kutokea na ngazi, na siku hiyo kutakuwa na mtu mlangoni anahesabu. Ikifika idadi anafunga, hata aliyebaki nje akiwa ni shangazi wa bwana harusi.

Hatua ya 2: Nenda kama mtalii kwanza

Hii ndo hatua ambayo watu wanairuka na ndo muhimu kuliko zote. Usianze na barua pepe ya kuuliza bei. Lipa kiingilio, ingia kama mgeni wa kawaida, zunguka taratibu, kaa. Angalia kwanza siku za kufungua maana kumbi hizi zinafungwa kwa wageni siku ambazo zimekodiwa, unaweza kufunga safari ukakuta geti limefungwa kwa ajili ya harusi ya watu wengine.

Kufika York ni rahisi, treni toka London King's Cross ni kama masaa mawili, toka Leeds haifiki hata saa zima, na toka stesheni unatembea kwa miguu katikati ya mji mpaka mtaa wa Fossgate. Angalia vizuri usipitilize sababu upande wa Fossgate kinachoonekana ni geti tu lenye nakshi katikati ya maduka, jengo lenyewe liko ndani. Upande wa pili kuna bustani inayotazama Piccadilly, na mto Foss uko hapohapo jirani.

Ukipanda Great Hall simama mlangoni kwanza uangalie juu. Boriti za mwaloni zimepangana mpaka kwenye paa, na nguzo kubwa zimesimama mstari mmoja katikati ya chumba kutoka mwanzo mpaka mwisho, zinakigawa chumba pande mbili zinazolingana. Uzuri wake ndo huo, na shida yako ya kwanza ndo hiyohiyo. Ukimweka bibi harusi upande mmoja, nusu ya wageni watakuwa wanaangalia nguzo. Ukiweka skrini ya semina katikati, kuna meza kule nyuma hazitaona kitu. Kwahiyo kaa kwenye kiti kila pembe, angalia, piga picha ukiwa umekaa na sio umesimama, maana mgeni ataona akiwa amekaa. Wenye ukumbi wana ramani za mpangilio wa meza ambazo wameshazijaribu kwa miaka, waombe, usijifanye mbunifu hapo.

Sakafu nayo iangalie. Ni mbao za zamani sana, zimelalia upande kidogo, kuna mianya. Meza ya keki ya ghorofa nne ikiwekwa kwenye sakafu iliyoinama hata kidogo inaonekana imepinda kwenye kila picha, kwahiyo mtengeneza keki aje na vipande vya kusawazishia. Mama mzee mwenye fimbo au mtu wa kiti cha magurudumu atapandaje juu, uliza hapohapo, na uoneshwe kwa macho njia yenyewe na sio kuambiwa tu kwamba ipo. Vyoo viko wapi na ni vingapi. Soketi za umeme ziko wapi, hesabu. Mwanga unaingiaje, sababu madirisha ni ya vioo vidogovidogo na Desemba York jua linazama kabla ya saa kumi jioni, mpiga picha wako anatakiwa ajue hilo mapema.

Shuka Undercroft pia. Kule ni chini, dari iko karibu, kuna nguzo nzito na kuta za matofali ya zamani sana, na panafaa kweli kwa semina ya watu wachache, maonyesho au chakula cha jioni. Ila maji ya mto yameshawahi kuingia humo wakati wa mafuriko, kwahiyo kama tarehe yako ni ya kipindi cha mvua kubwa uliza mpango wao ni upi maji yakipanda, na mkataba unasemaje hapo.

Hatua ya 3: Uliza tarehe, halafu uliza bei yenye kila kitu

Jumamosi za kiangazi zinaondoka mapema, mwaka mzima kabla au zaidi. Ukiweza kuhamia Ijumaa, Jumapili au mwezi kama Novemba au Februari bei inashuka na mnaheshimiana zaidi. Waombe wakushikie tarehe bila malipo kwa siku kadhaa wakati mnajadiliana nyumbani, kumbi nyingi wanakubali, na wakikubali waandike.

Kwenye bei kuna maswali ya lazima. VAT ya asilimia 20 iko ndani au itaongezwa? Viti, meza na vitambaa vya meza viko ndani? Usafi? Mlinzi? Mtu wa ukumbi wa kukaa nanyi mpaka mwisho? Na hili hapa watu wanalisahau: masaa mnayolipia yanaanzia lini. Ukiambiwa kuanzia saa sita mchana mpaka saa tano usiku, mara nyingi humo ndani kuna kupanga na kuna kupangua, kwahiyo shughuli yenyewe ni fupi kuliko unavyodhani. Mpambaji wetu anayetaka masaa sita ya kupamba hawezi kuyapata kwenye jengo ambalo asubuhi yake lilikuwa wazi kwa watalii. Mwambie mapema ajipange na vitu vilivyoungwa tayari.

Uliza pia kama baa ni lazima. Kumbi nyingine zina kiwango cha chini ambacho baa inatakiwa iuze usiku huo, isipofika unalipa tofauti. Kwa shughuli ya Kiislamu isiyo na pombe hilo litakugharimu bure, kwahiyo waambie wazi toka siku ya kwanza kwamba hakutakuwa na pombe na muulizane wanaweka nini badala yake.

Hatua ya 4: Soma mkataba wote, hasa sehemu ya ukuta na mbao

Ukumbi kama wa York uko kwenye orodha ya majengo ya daraja la kwanza, Grade I, na yako machache sana, kama asilimia 2.5 tu ya majengo yote yaliyoorodheshwa nchi hii. Maana yake ukiharibu sio suala la kulipa faini ya ukumbi yakaisha, kuharibu jengo lililoorodheshwa ni kosa la jinai kisheria. Kwahiyo usije ukamwambia mpambaji apige pini, stepla, gundi, selotepu au kamba kwenye nguzo na boriti. Hakuna. Kila pambo lisimame lenyewe, kwa fremu yake na mguu wake wenye kitambaa chini ili usikwaruze mbao. Maputo yenye gesi kumbi nyingi wanayakataa sababu yakipanda juu kwenye paa hakuna wa kuyatoa, na gliter na konfeti ndo kabisa, vinaingia kwenye mianya ya mbao na havitoki tena. Ukitaka kurusha maua mrushe bustanini, tena maua halisi yaliyokauka.

Kwa maoni yangu mapambo machache yanatosha kabisa humo. Nimeona watu wamefunika kuta za miaka 600 kwa mapazia meupe ya satini mpaka ukumbi ukafanana na hema, na roho inauma, sababu kilicholipiwa ni zile mbao. Weka maua mezani, khanga nzuri kama vitambaa vya meza, taa ndogo za betri, basi.

Kwenye mkataba angalia pia: dipoziti ni kiasi gani na inarudi lini, ukighairi unapoteza nini kwa kila kipindi, nani anabeba bima. Watoa huduma wako wote, dijei, mpishi, mpambaji, wataombwa bima ya kuumiza watu au kuharibu mali, mara nyingi ya kuanzia paundi milioni 5, na vifaa vya umeme viwe vimepimwa na vina stika yake. Yule kijana wetu wa spika ambaye hana makaratasi atazuiwa mlangoni hata kama anapiga muziki vizuri kuliko wote.

Na sauti. Baadhi ya kumbi zina kifaa kinachopima sauti, ikizidi kiwango kwa sekunde kadhaa umeme wa jukwaa unakatika. Singeli na ngoma kubwa hapo hazitafika mbali. Taarab ya kukaa, gambusi, qanuni, violini na mwimbaji, inapendeza mno humo, mbao zinaishika sauti vizuri na huhitaji hata spika kubwa.

Hatua ya 5: Moto, moshi na chakula

Hapa naomba mnisikilize kwa makini sababu ndo tunapopishana nao kila mara. Jengo ni la mbao. Mishumaa ya moto wa kweli wengi wanakataa, na moshi wa aina yoyote haukubaliki. Udi ni moshi. Chetezo ni makaa ya moto. Kuna shughuli moja nilialikwa, kwenye ukumbi wa kale wa mji mwingine, bibi mmoja aliwasha chetezo kwenye korido ili amfukize bibi harusi kabla hajaingia, kwa nia njema kabisa kama ilivyo desturi yetu. Vifaa vya kunusa moshi vikashika, alamu ikalia jengo zima, watu zaidi ya mia wakatolewa nje kwenye mvua na magauni yao ya shifoni, watoto wanalia, gari la zimamoto likaja, na mpaka wamekagua na kuruhusu watu kurudi chakula kimepoa na dijei amebakiwa na muda mchache. Bibi yule alijisikia vibaya usiku mzima na hakuna aliyekuwa amemwambia.

Kwahiyo mwambieni bibi. Nguo na nywele zifukizwe nyumbani usiku wa kuamkia, harufu ya udi mzuri inakaa mpaka kesho yake na zaidi. Mrashi wa maji ya waridi tumieni bustanini wageni wanapoingia, sio ndani juu ya mbao. Na kama lazima muoneshe chetezo kwa ajili ya picha, kiwe kitupu.

Chakula. Uliza kama wana orodha yao ya wapishi au unaruhusiwa kuleta wako kwa ada ya ziada. Kama ni orodha yao muulize mpishi kuhusu halali na umwonjeshe pilau yetu kabla, wengi wanajitahidi wakielekezwa. Kama unaleta wako, hakikisha amesajiliwa na halmashauri, maana hata mama anayepikia watu nyumbani kwa malipo anatakiwa kujisajili siku 28 kabla ya kuanza kazi hiyo, na ukumbi watataka kuona alama zake za usafi. Kupika hapohapo usitegemee. Kukaangia sambusa, kuchoma mishkaki kwa mkaa, sufuria ya biriani kwenye jiko la gesi, vyote ni hapana, hata bustanini uulize kwanza. Chakula kije kimeshaiva kwenye maboksi ya kutunza joto, na kanuni ya hapa ni chakula cha moto kikae nyuzi joto 63 au zaidi, kwahiyo mpishi awe na kipimajoto. Aandike pia vitu vyenye mzio, sheria inataja 14, na kwenye vyakula vyetu karanga, ufuta na samaki vinajificha sana.

Halafu bizari. Mchuzi wa bizari au juisi ya ukwaju ukimwagika kwenye mwaloni wa karne ya 14 hautoki. Meza ya chakula itandikwe zulia la plastiki chini yake, na awepo mtu mmoja kazi yake ni kufuta tu, kwa maji na kitambaa, asitumie dawa yoyote ya dukani bila kuwauliza wenyewe.

Hatua ya 6: Vibali

Ukumbi mwingi una leseni yake, uliza inafunika nini. Kama haifuniki shughuli yako, mfano mnauza vinywaji vyenye pombe au mnauza chakula cha moto baada ya saa tano usiku, kuna kibali cha muda kinaitwa Temporary Event Notice, kinaombwa halmashauri kwa paundi 21, watu wasifike 500, na maombi yafike angalau siku 10 za kazi kabla, siku ya kupeleka na siku ya shughuli hazihesabiwi.

Ndoa ni somo lake. Kwa sheria ya Uingereza nikaha peke yake haikufanyi umeoana mbele ya serikali, na ndoa ya kiserikali inafungwa kwenye sehemu iliyoidhinishwa, angalia orodha ya halmashauri kama ukumbi wako umo. Ndani ya hiyo ndoa ya kiserikali hairuhusiwi kusoma Qurani wala Biblia wala kuimba wimbo wa dini. Kwahiyo familia nyingi wanafanya nikaha msikitini au nyumbani, Wakristo wanafunga kanisani kwao, halafu ukumbi unabaki kwa ajili ya karamu, na mimi naona hiyo ndo njia tulivu zaidi. Kama mnafunga ya kiserikali hapohapo ukumbini, kumbukeni msajili anabukiwa peke yake, kulipia ukumbi hakumleti msajili. Taarifa ya ndoa mnaenda kutoa wenyewe, inakaa siku 28, na kama mmoja wenu ana mambo ya uhamiaji inaweza kusogezwa mpaka siku 70. Na toka Februari 2023 umri ni miaka 18 kwa wote, hakuna ruhusa ya mzazi ya kushusha hapo.

Hatua ya 7: Kama ni semina

Semina na madarasa ndo matumizi ninayoyapenda zaidi kwenye kumbi hizi. Kufundisha watoto wetu kusuka ukili, kushona kofia, kuandika khati, hina, au somo la Kiswahili la Jumapili, ndani ya chumba ambacho wafanyabiashara wa vitambaa walikuwa wanakutana, kuna kitu watoto wanakipata hapo ambacho darasa la kawaida halitoi. Na siku ya wiki asubuhi bei ni nafuu.

Ila peleka orodha ya vifaa vyako mapema, yani kila kitu, mpaka gundi. Hina ndo wanaiogopa na wana haki, tone moja kwenye mbao linabaki. Tandika meza na sakafu yote inayozunguka, tumia koni ndogo badala ya bakuli, na anayekaushwa mkono akae palepale asizunguke kushika nguzo. Rangi ziwe za maji. Ukili unaoloweshwa uwe kwenye beseni pana lisilopinduka, juu ya taulo.

Kama kuna watoto bila wazazi wao, wanaowasimamia wawe na cheti cha DBS, yani cha kukaguliwa rekodi za uhalifu, ukumbi utauliza. Na muombe nusu saa ya mwongozaji wa ukumbi mwanzoni awatembeze, gharama yake ni ndogo na watoto wakishajua zile boriti zina umri gani, wenyewe wanaanza kukatazana kugusa.

Hatua ya 8: Waandae wageni

Saa kwanza. Kwenye kadi andika 14:00 na pembeni yake saa nane mchana, sababu una wageni wanaohesabu kwa saa za kwetu na wengine kwa saa za huku, na ukumbi hauongezi muda. Muda wa kadi uweke nusu saa au saa zima kabla ya muda halisi, tunajuana. Usiku saa yenu ikifika taa zinawashwa na kazi imeisha, na kila robo saa ya ziada ina bei yake.

Viatu vya kisigino chembamba vinazama kwenye mianya ya sakafu na vinaacha vishimo kwenye mbao, kumbi nyingine zinavikataza moja kwa moja. Andika kwenye mwaliko waje na visigino vipana. Baridi iandike pia, paa liko juu sana na hita haiwezi kushindana nalo Januari, kina mama waje na shali nzito.

Swala. Katikati ya Desemba York Adhuhuri inaingia kama saa sita mchana na Magharibi kabla ya saa kumi, yani Adhuhuri, Alasiri na Magharibi zote zinaweza kuangukia ndani ya shughuli yako moja. Omba chumba cha pembeni, uliza udhu utachukuliwa wapi maana vyoo vya majengo haya ni vidogo na sakafu ikilowa watu wanateleza, na mpange mtu wa kutandika mikeka.

Magari msiyategemee. Katikati ya York mitaa mingi inafungwa kwa magari mchana na ukumbi hauna paking ya wageni, kwahiyo waelekeze kwenye paking za mji za karibu au zile za nje ya mji zenye basi. Gari la mpishi na la mpambaji ndo yapangiwe muda maalum wa kushusha mizigo, na muda huo uandikwe.

Hatua ya 9: Kuingia na kutoka

Siku yenyewe fika kabla ya kila mtu, zunguka na mtu wa ukumbi, piga picha na video za sakafu, kuta, nguzo na meza zote kabla hamjagusa kitu, na kama kuna mkwaruzo wa zamani mwoneshe na umtumie picha hapohapo kwa barua pepe ili saa iwe imeandikwa. Chagua ndugu mmoja, sio wewe mwenye shughuli, awe ndo anaongea na watu wa ukumbi usiku mzima, na awe na uwezo wa kumwambia dijei apunguze na dijei akapunguza.

Mkimaliza beba kila kitu usiku uleule, kumbi nyingi asubuhi wanafungua kwa watalii na hawana stoo ya kukuwekea fremu zako. Takataka za chakula mara nyingi ni jukumu la mpishi kuondoka nazo, liandikwe kwenye makubaliano yenu naye, sababu mifuko kumi ya wali iliyoachwa bustanini inakatwa kwenye dipoziti yako na sio yake. Rudia kupiga picha zilezile za mwanzo, zunguka tena na mtu wa ukumbi, wote mkubaliane hali ilivyo, na umuombe akutumie ujumbe mfupi wa kuthibitisha kabla hujatoka getini. Dipoziti isiporudi ndani ya siku zilizoandikwa kwenye mkataba, unajibu ujumbe huohuo na picha zako ukiwa umeziambatanisha.